Kijiti, Mkebe na Daftari: Sayansi ya Watoto Nyumbani Wakati wa Likizo

Hotuba kwa wazazi na walezi wa shule ya msingi mjini Jinja, Uganda, siku ya kufunga muhula wa pili

Mheshimiwa Mwenyekiti wa kamati ya shule, Mwalimu Mkuu, walimu wenzangu, wazazi na walezi, nanyi wanafunzi mlioketi mikekani hapa mbele mkiomba nimalize upesi mwende nyumbani: nawasalimu nyote, na nashukuru kwa kualikwa. Nimefundisha sayansi miaka mingi na sasa nimestaafu, na mstaafu akipewa kipaza sauti si mwepesi wa kukirudisha, lakini nitajitahidi.

Nimeombwa niseme watoto wafanye nini cha kisayansi na cha kufurahisha wakiwa nyumbani hadi muhula wa tatu utakapofunguliwa. Mama mmoja amenieleza pale langoni kwamba alikwisha kutafuta kwenye simu yake, akapata orodha ndefu ya majaribio ya kiangazi, ila nusu ya vifaa hakuvitambua na kiangazi chenyewe hakukiona. Mama huyo hana kosa. Orodha za namna hiyo huandikiwa watoto wa Ulaya na Marekani, ambao hufunga shule kati ya Juni na Agosti kwa sababu ndiyo miezi yao ya joto na ya siku ndefu, na katika nchi zao za kaskazini jua hukawia hata saa tatu au saa nne za usiku ndipo lizame. Sisi hapa, jua letu huchomoza karibu na saa moja asubuhi na kuzama karibu na saa moja jioni mwaka mzima, na likizo hii ya Agosti na Septemba inatukuta mvua za pili za mwaka zikianza kukusanya mawingu yake juu ya ziwa.

Kwa hiyo nisingependa kuwasomea orodha. Nina hoja moja, nayo ni kwamba mengi yanayoitwa majaribio ya sayansi kwa watoto ni mazingaombwe tu yaliyovishwa koti jeupe. Mtoto anamwagiwa maji ya limau juu ya magadi ya kuokea, povu linafoka, anapiga makofi, tunaita volkano, na hadithi imekwisha. Sikatazi povu, kwa maana hata mimi hulifurahia. Ninachosema ni kwamba sayansi huanza pale mtoto anapouliza itakuwaje akiongeza limau maradufu na kuacha magadi vilevile, akapima, akaandika, akarudia kesho yake, na akakubali kwamba alichodhani sicho alichokipata. Kazi hiyo haihitaji maabara. Inahitaji kijiti, mkebe, daftari na mtu mzima asiyekuwa na haraka ya kutoa jibu.

Hicho cha mwisho nilifundishwa na mwanafunzi. Miaka mingi iliyopita, mwezi wa Februari, nilisimama mbele ya darasa la sita nikasema, kama kitabu kilivyosema, kwamba saa sita kamili mchana jua huwa juu kabisa na kivuli huwa kifupi kuliko wakati mwingine wowote. Msichana mmoja wa dawati la nyuma alinyoosha mkono akasema kwamba kivuli cha mlingoti wa bendera huendelea kufupika hata baada ya kengele ya chakula. Nilimjibu kwa ufupi, wala si kwa upole, kwamba akae asikilize. Jumatatu iliyofuata aliniletea karatasi. Siku ya Jumamosi alikuwa amechomeka kijiti nyuma ya jiko la kwao, huko Walukuba, akaweka kokoto kwenye ncha ya kivuli kila baada ya dakika kumi kwa kufuata saa ya mkononi ya kaka yake, na kokoto iliyokuwa karibu zaidi na kijiti ilikuwa ya saa saba kamili. Nilikwenda kupima mwenyewe kwa siri, nikiomba awe amekosea, na hakuwa amekosea.

Sababu yake ni nzuri kuliko jibu la kitabuni. Saa zetu za Afrika Mashariki zimepangwa kwa jua la longitudo ya nyuzi 45 mashariki, mstari unaopita karibu na Mogadishu, ilhali Jinja iko karibu na nyuzi 33. Dunia hutumia dakika 4 kuzunguka uzi mmoja, hivyo tofauti ya nyuzi 12 ni dakika 48, na jua hufika juu ya Mogadishu kwanza, ndipo baada ya kama dakika 50 lifike kwetu. Tena, dunia hailizunguki jua kwa mwendo mmoja mwaka mzima, wala mhimili wake haukusimama wima, kwa hiyo adhuhuri ya kweli husogea: hapa kwetu huwa karibu saa saba kamili katikati ya Februari, na karibu saa sita na nusu mwanzoni mwa Novemba. Ndugu zetu Waislamu wanaofuata ratiba ya swala walikuwa wakilijua jambo hili muda wote nilipokuwa nikifundisha kinyume chake, kwa kuwa adhuhuri yao haijapata kuingojea saa ya ukutani.

Basi jaribio la kwanza ninalowaomba mlifanye likizo hii ni la kijiti, na nitalieleza kwa kirefu kwa sababu ni letu. Chukueni fimbo iliyonyooka yenye urefu wa mita moja juu ya ardhi, mwisimamishe mahali tambarare pasipofikiwa na kivuli cha nyumba, na mhakikishe imesimama wima kwa kuning'iniza uzi wenye jiwe kando yake, kama mafundi wa ujenzi wanavyofanya. Kuanzia saa sita na robo mchana, mtoto aweke alama kwenye ncha ya kivuli kila baada ya dakika tano hadi kivuli kianze kurefuka tena, kisha apime kile kifupi kuliko vyote, aandike urefu wake, saa yake na upande kilikoelekea. Katika wiki ya mwisho ya Agosti atapata kama sentimita 17, na kivuli kitaelekea kusini, kwa kuwa wakati huo jua liko kaskazini mwetu. Kila siku kivuli hicho kitapungua kwa zaidi kidogo ya nusu sentimita. Kufikia tarehe 22 au 23 Septemba kitakuwa kimejikunja chini ya fimbo hata kisionekane, na baada ya hapo kitatokea upande wa pili, kikielekea kaskazini, na kuendelea kurefuka hadi kifikie kama sentimita 44 siku chache kabla ya Krismasi, ndipo kianze kurudi.

Mtoto wa London anaweza kupima kivuli chake cha mchana maisha yake yote, na hakitaelekea kusini hata siku moja, wala hakitatoweka. Yeye ana kiangazi. Sisi tuna jua linalovuka juu ya vichwa vyetu mara mbili kwa mwaka, na mwaka hata mwaka tunapita katikati ya tukio hilo tukilalamika joto. Chanzo cha mambo yote mawili ni kimoja: mhimili wa dunia umeinama kwa kama nyuzi 23 na nusu, kwa hiyo miezi kadhaa upande wa kaskazini huliinamia jua na miezi mingine upande wa kusini, na walio mbali na ikweta hupata joto na baridi kwa zamu. Mtoto aliyepima kivuli kwa wiki tatu hahitaji kukariri maelezo hayo, kwa sababu tayari anayo kwa sentimita.

Neno moja kuhusu mawingu. Septemba kutakuwa na siku ambazo jua halitaonekana saa inayotakiwa, na mtoto atashawishika kujaza namba anayodhani ingekuwa sahihi. Mwambieni aandike neno "mawingu" na aendelee. Nimesahihisha madaftari mengi maishani, na daftari lenye mapengo mawili matatu ya mawingu ndilo ninaloliamini.

Mkiwa bado juani, peleka mtoto chini ya mwembe wenye majani mengi. Pale chini ataona viduara vya mwanga vilivyotapakaa ardhini, na ukimwuliza kwa nini ni vya mviringo atasema matundu kati ya majani ni ya mviringo. Mwache atazame juu ya mti: matundu hayo yana kila umbo. Kila kiduara ni picha ya jua lenyewe, iliyopitishwa kwenye tundu dogo kama inavyopita kwenye kamera. Athibitishe kwa kutoboa tundu la pembetatu kwa sindano kwenye karatasi ngumu, kisha atege karatasi nyeupe chini yake, mita moja au mbili. Siku jua lilipofunikwa kabisa na mwezi huko Pakwach, jioni ya tarehe 3 Novemba 2013, na sehemu nyingine za nchi zikaona limefunikwa nusunusu, waliokuwa chini ya miti wangeweza kuona viduara hivyo vimegeuka hilali mia kwa pamoja ardhini. Mchana wa tarehe 2 Agosti 2027 jua litafunikwa tena kabisa katika nchi kama Misri, na hapa kwetu sehemu yake itafunikwa. Mwembe wenu uwe tayari. Nasisitiza, na wanafunzi mnisikie: jua halitazamwi kwa macho matupu, wala kwa miwani ya kawaida, siku ya kupatwa na siku nyingine yoyote. Tunatazama picha yake ardhini.

Wengi wenu mmesafiri kwenda Masaka, mkasimama pale Kayabwe penye duara la ikweta kupiga picha. Pale vijana huonyesha wageni bakuli tatu za maji zenye ua dogo linaloelea: upande wa kaskazini maji hushuka yakizunguka namna moja, upande wa kusini namna nyingine, na juu ya mstari hushuka moja kwa moja. Ni onyesho zuri, na vijana wanapata riziki yao. Lakini ninyi wanafunzi mnaweza kulipima. Ni kweli kwamba mzunguko wa dunia hupindisha njia ya vitu vinavyosafiri mbali, na ndiyo maana tufani kubwa za baharini huzunguka upande mmoja kaskazini na upande mwingine kusini. Hata hivyo nguvu hiyo hupotea kadiri unavyoikaribia ikweta, kiasi kwamba tufani hizo kwa kawaida haziundwi kabisa karibu nayo, na hatua ishirini kutoka kwenye mstari ni kama sifuri. Kinachozungusha maji ya bakuli ni jinsi yalivyomiminwa. Toboeni beseni kuukuu katikati, zibeni tundu, jazeni maji, acheni yatulie saa nzima au zaidi, kisha fungueni taratibu na mwandike upande yalikozunguka. Rudieni mara ishirini, halafu mara nyingine ishirini mkiyamimina makusudi kutoka upande wa kulia, na ishirini kutoka kushoto. Mtoto atakayemaliza mara hizo sitini atakuwa amejifunza kitu ambacho watalii wengi huondoka Kayabwe bila kukijua.

Nimekwisha kutaja kijiti; sasa mkebe. Chukueni kopo lenye kuta zilizonyooka, au chupa ya plastiki iliyokatwa pale mwili wake unapoacha kunyooka, na ile sehemu ya juu ikageuzwa iwe faneli. Kwa kuwa kitako cha chupa huwa na mabonde, mimineni maji kidogo kwanza mpaka yafunike mabonde hayo, na hapo ndipo pawe sifuri ya rula. Iwekwe mahali pa wazi, mbali na paa na miti, isomwe kila asubuhi saa ileile. Faida ya kazi hii ni hesabu inayofuata. Milimita moja ya mvua ni lita moja juu ya kila mita moja ya mraba. Nyumba yenye bati lililofunika mita za mraba 30 ikinyeshewa milimita 20, ambayo ni mvua ya kawaida ya alasiri moja hapa Jinja, imepokea lita 600, yaani madumu 30 ya lita 20. Sasa mtume mtoto akahesabu ni madumu mangapi mliyokinga usiku ule, na ni mangapi yaliyokwenda mtaroni. Nimeona baba mmoja akinunua mfereji wa bati siku ya pili baada ya binti yake kumwonyesha hesabu hiyo, na sikuwahi kuona hotuba ya mtu yeyote ikifanya hivyo.

Radi nayo ina saa yake. Mkiwa ndani ya nyumba, na si chini ya mti, hesabuni sekunde tangu mmweko hadi ngurumo, mgawanye kwa tatu, na mmepata kilomita. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde moja, na mwanga hauna haja ya kungojewa. Namba zikipungua, dhoruba inawajia.

Kwa wanaoishi karibu na ufuko, kuna kazi ya kalenda. Wale wadudu wadogo wanaopanda kutoka ziwani kama moshi na kuziba taa za barazani, wavuvi husema hufuata mwezi mwandamo. Mtoto aandike kila siku umbo la mwezi na kama moshi wa wadudu umeonekana au la, kisha Desemba atuambie wavuvi wamesema kweli kiasi gani. Vivyo hivyo kumbikumbi baada ya mvua, na senene wanapoanza kuruka mwezi wa Novemba. Sijui kazi ya sayansi inayolika isipokuwa hiyo.

Tuingie jikoni, na hapa ndipo akina mama mtakaponicheka, kwa maana mmefanya majaribio haya kwa miaka bila kuyaandika. Ni nani hapa hajafua shati jeupe lililoangukiwa mchuzi wenye manjano, akaona doa la rangi ya dhahabu likigeuka jekundu mara tu sabuni ilipoligusa? Doa lile ni kipimo cha kemia. Manjano hubaki ya rangi yake yakikutana na asidi, na hugeuka mekundu yakikutana na vitu vya upande wa pili, vinavyoitwa besi, ambavyo sabuni ni mojawapo. Mtoto achanganye kijiko cha manjano na maji kidogo, achovye vipande vya karatasi nyeupe, avianike, kisha adondoshee juu yake kitu kimoja kimoja: limau, maji ya sabuni, maji ya majivu yaliyochujwa, magadi, maziwa mala, mate yake mwenyewe. Kabla ya kila tone aandike anachodhani kitatokea. Karatasi iliyogeuka nyekundu kwa sabuni aidondoshee limau, aone inavyorudi. Maji ya majivu yasiingie machoni, kwa kuwa ni makali.

Maandazi ya asubuhi yana jaribio lake pia. Tieni hamira na sukari, kwa vipimo vilivyo sawa, katika chupa tatu ndogo. Ya kwanza maji ya mtungini, ya pili maji ya uvuguvugu, ya tatu maji yaliyotoka kuchemka, na hayo ya tatu mtu mzima ndiye ayamimine kwenye chupa ya kioo nene baada ya kuipasha kwanza kwa maji ya uvuguvugu. Kila mdomo wa chupa uvishwe puto. Watoto karibu wote hubashiri kwamba maji ya moto zaidi yatajaza puto zaidi, na karibu wote hukosea, kwa sababu hamira ni kiumbe hai na maji yanayochemka humuua. Puto la uvuguvugu hujaa hewa ukaa, ambayo ndiyo inayoumua unga. Kosa hilo la watoto ndilo lenye thamani, kwa hiyo nawasihi msiwanong'oneze.

La ndizi nitalipitia upesi. Ovakado tatu mbichi zilizochumwa siku moja, moja mezani, moja ndani ya mfuko wa karatasi peke yake, na moja ndani ya mfuko pamoja na bogoya, yaani ndizi tamu, iliyoiva: kila siku zibonyezwe na kuandikwa. Ile iliyokaa na bogoya itatangulia kuiva, kwa sababu tunda linaloiva hutoa gesi ya ethilini, na gesi hiyo huyaamuru matunda mengine yaive. Wazee wetu waliofukia ndizi za pombe shimoni na kuzifunika kwa majani ya mgomba hawakuijua kwa jina, lakini waliifungia ndani isitoroke.

Nikiwa bado kwenye chakula, nataka kumtaja kijana mmoja wa jirani zetu. Mwaka 1963, katika shule ya sekondari ya Magamba, Tanganyika, Erasto Mpemba na wenzake walikuwa wakitengeneza aiskrimu. Ilipasa maziwa yachemshwe na sukari, yaachwe yapoe, ndipo yaingizwe kwenye friza. Mpemba aliona nafasi inakwisha, akaingiza yake yakiwa bado ya moto, na yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambaye hakuwa ameyachemsha. Alipouliza sababu, aliambiwa amechanganyikiwa, na darasa likamcheka. Hakuacha kuuliza. Akiwa Mkwawa, Iringa, alimwuliza mhadhiri mgeni wa fizikia, Denis Osborne kutoka Dar es Salaam. Wanafunzi walicheka tena, lakini Osborne alirudi akaagiza jambo hilo lijaribiwe, na mwaka 1969 wawili hao walilichapisha kwa pamoja. Mpaka leo wanasayansi wanabishana kama hutokea daima, kwa nini, na katika hali gani, na wapo waliopima kwa uangalifu wasilione. Hilo ndilo linalonifanya niwape watoto wenu kazi hiyo: wenye friji, wekeni vikombe viwili vya chuma vinavyolingana, kimoja maji ya moto na kimoja ya baridi, kiasi kilekile, mahali pamoja, mchungulie kila robo saa. Mimi mwenyewe nimepata matokeo yote mawili. Mtoto akikuuliza jibu sahihi ni lipi, mwonyeshe daftari lake.

Wazazi, mnaikumbuka miezi ile shule zilipofungwa Machi 2020 na kutofunguliwa kikamilifu hadi tarehe 10 Januari 2022, karibu miaka miwili. Wengi wenu mlilazimika kuwa walimu bila chaki wala mshahara, na baadhi yenu mliniambia kwamba mlijiona mmeshindwa kwa sababu hamkusoma sayansi. Naomba niseme waziwazi kwamba kwa majaribio haya asiyejua jibu yuko mahali pazuri kuliko mimi, kwa kuwa hana la kulisema kabla ya wakati. Swali lenu liwe moja: umejuaje? Mliulize kwa sauti ya udadisi, si ya polisi.

Yapo mambo ambayo sitaki yajaribiwe na mtoto yeyote, na hapa sitanii. Dawa ya maji ya kung'arishia nguo nyeupe isichanganywe na limau, siki wala sabuni ya chooni, kwa kuwa hutoa gesi inayochoma mapafu. Betri za redio zisipasuliwe. Jiko la mkaa lisiwashwe ndani ya chumba kilichofungwa kwa sababu yoyote, hata ya sayansi, maana gesi yake haina harufu na huua watu usingizini. Muhogo mchungu si wa kuonjwa mbichi. Na maji ya ziwa kwa ajili ya kuchuja kwa mchanga na mkaa yachotwe na mtu mzima: kichocho kipo katika fuko zetu, na mtoto hana haja ya kuingiza miguu majini ili ajifunze. Kisha maji hayo, hata yakitoka kwenye mchanga yakiwa meupe kama ya chupa, hayanyweki mpaka yachemshwe, kwa kuwa mchanga huzuia tope lakini vijidudu vingi hupenya.

Kuhusu daftari, si lazima liwe jipya. Kurasa zilizobaki za muhula huu zinatosha. Kila ukurasa uwe na tarehe, saa, nilichodhani, nilichokiona, na pale namba ilipokosewa ikatwe kwa mstari mmoja tu ili iendelee kusomeka. Msiwaandikie. Ninautambua mwandiko wa mzazi hata kutoka ng'ambo ya uwanja.

Mwalimu Mkuu ameniruhusu kutangaza hili. Muhula wa tatu ukiwa umekwisha kufunguliwa, tarehe 22 Septemba, au kesho yake mawingu yakitukatalia, tutakutana hapa uwanjani kwenye mlingoti wa bendera kuanzia saa sita na robo. Kila mtoto aje na fimbo yake na daftari lake. Kwa hesabu yangu kivuli kitatoweka kama saa sita na dakika arobaini, lakini mkumbuke kwamba niliwahi kukosea kwa saa nzima mbele ya mlingoti huuhuu. Sasa nakirudisha kipaza sauti, na nadhani kuna mtoto pale mkekani ambaye amenyoosha mkono tangu nilipotaja ovakado. Simama, mwanangu, uliza.